Oili Ipi Yafaa Gari Dogo?

Juma lililopita mkulima mmoja jirani yangu, ambaye hupeleka maziwa yake kila asubuhi kwa gari lake dogo, alinisimamisha penye kituo cha maziwa akaniuliza swali. Alisema, "Bwana karani, nimewauliza watu watatu ni oili gani nitie katika injini ya gari langu, nao wamenipa majibu matatu. Fundi asema nitie ile nzito, kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Mwenye duka asema nichukue ile ya bei kubwa kuliko zote, nayo haitanikosea. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa matatu, asema oili zote ni oili, mradi iteleze. Sasa nimsikilize nani?"

Nilimjibu kwamba asimsikilize hata mmoja wao kabla ya kumsikiliza yule aliyeiunda injini. Jibu hilo ni fupi, lakini mimi mwenyewe nililipa fedha nyingi kabla ya kulijua. Tena naona watu wengi siku hizi, walimu, wakulima na makarani, wananunua magari madogo kwa mikopo ya vyama vyao vya akiba, na wengi hawajui injini zao zataka nini. Kwa sababu hiyo yafaa tulizungumze jambo hili kwa utaratibu.

Mkasa wangu

Nyumba yangu iko Kinangop, na ofisi ninayofanyia kazi iko Naivasha. Nilipopata mkopo nilinunua gari dogo la Kijapani, Toyota Vitz yenye injini ya lita moja, nami nikaona nimeondokana na taabu za kungoja matatu katika baridi ya alfajiri. Mwaka wa kwanza nililitunza vizuri. Mwaka wa pili, siku ya kubadilisha oili ilifika mwisho wa mwezi, wakati mfuko ulikuwa mtupu. Basi nikanunua mkebe wa oili kando ya njia, kwa mtu nisiyemjua jina hata leo. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya dukani. Mkebe ulikuwa na karatasi nzuri yenye rangi, lakini kifuniko chake kilikuwa kimekwisha kufunguliwa. Nilikiona, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuhesabu fedha nitakazookoa.

Wiki tatu hazikupita. Jioni moja nilikuwa nikipanda mlima kutoka Naivasha, nimewachukua majirani wawili pamoja na magunia mawili ya mbegu za viazi. Taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili ikaanza kumetameta, kisha ikawaka moja kwa moja. Nilikumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimepima oili nami nikaiona imejaa. Nikajiambia kwamba taa hiyo ina kasoro, na nyumbani hakukusalia zaidi ya kilomita 6. Kabla ya kufika, injini ilianza kugonga kama mtu apigaye sufuria kwa jiwe, kisha ikazima, na haikuwaka tena.

Fundi aliyeifungua alinionyesha beringi za shafti kuu zilivyokwanguka, na oili iliyokuwa nyepesi kama maji, yenye chembe za chuma zinazometa. Kwa maoni yake ilikuwa oili kuukuu iliyochujwa na kutiwa tena mkebeni. Injini nyingine, nayo iliyokwisha kutumika, ilinigharimu zaidi ya mishahara yangu miwili. Muhula ule karo ya binti yangu ililipwa nusu, naye alirudishwa nyumbani mara mbili. Nalisimulia jambo hili bila kujitetea, maana makosa yalikuwa mawili na yote mawili yalikuwa yangu: nilinunua nisichokijua, na nilipoonywa sikusimama.

Kazi ya oili

Watu husema oili ni ya kulainisha injini, na hilo ni kweli, lakini si kazi yake yote. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, shafti yake kuu inazunguka mara 50 katika kila sekunde moja. Chuma hicho hakikusudiwi kugusana na beringi zake. Kinaelea juu ya utando mwembamba wa oili, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika hata kwa muda mfupi, chuma chakwangua chuma, na hasara huanza hapo.

Zaidi ya hayo, oili huchukua joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki. Husafisha masizi na kuyabeba hadi kwenye filta. Huzuia kutu. Kwa kazi hizi viwanda hutia dawa mbalimbali ndani ya oili, na dawa hizo huisha kidogo kidogo kadiri gari linavyotembea. Ndiyo maana oili huchakaa hata kama haikupungua. Na mtu asiogope akiona oili yake imekuwa nyeusi baada ya siku chache, kwa maana mara nyingi weusi huo ni dalili kwamba inabeba uchafu kama ilivyopaswa.

Maana ya namba

Juu ya kila mkebe utaona namba kama 0W-20, 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Namba hizi zatokana na mpango wa Chama cha Wahandisi wa Magari, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, na herufi zake SAE huandikwa karibu nazo. Si alama za ubora, wala namba kubwa haimaanishi oili bora. Zaeleza uzito wa oili tu, yaani jinsi inavyotiririka.

Namba ya kwanza, yenye herufi W, yahusu oili ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi injini inapowashwa asubuhi. Namba ya pili yahusu oili ikiwa imepata joto la digrii 100, yaani karibu na joto la injini iliyo kazini. Ikiwa kubwa, oili hubaki nzito zaidi katika joto hilo. Kwa mfano, katika joto hilo oili ya 20W-50 ni nzito yapata mara mbili kuliko ile ya 0W-20.

Magari mengi madogo yaliyotengenezwa Japani tangu karne hii ianze hutaka 0W-20 au 5W-30. Nafasi kati ya vyuma vyao ni ndogo, na matundu ya kupitishia oili ni membamba. Tena mengi yana mtambo unaobadilisha majira ya kufunguka kwa vali, nao huendeshwa kwa nguvu ya oili hiyo hiyo. Ukilitia gari la namna hiyo oili ya 20W-50, halitakufa siku hiyo, nami sitaki kumtia mtu hofu isiyo na sababu. Lakini kila asubuhi oili itachelewa kufika juu ya injini, pampu itafanya kazi ya ziada, na petroli italiwa zaidi. Huku kwetu Kinangop, ambako asubuhi za mwezi wa Julai joto huweza kushuka chini ya digrii 10, kuchelewa huko si jambo dogo.

Hoja ya joto

Fundi wa jirani yangu alisema nchi yetu ni ya joto, na kwa hiyo yataka oili nzito. Hoja hii husikika kila mahali, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima, kwa maana wenye kuisema si wajinga. Wengi wao walifunzwa kazi na mafundi waliotengeneza magari ya zamani. Volkswagen ya kale, ile yenye mgongo kama kobe, ilipozwa kwa hewa, ilibeba lita mbili na nusu tu za oili, na haikuwa na filta ya karatasi bali wavu wa kuchujia. Injini ya namna hiyo hupata moto sana, na ilifaa itiwe oili nzito katika nchi ya joto. Mafundi wale walisema kweli juu ya magari yao.

Lakini gari la leo hupozwa kwa maji, na kifaa kiitwacho thamostati huyashika maji hayo karibu na joto la digrii 80 au 90, gari liwe Mombasa au liwe Nyahururu. Tena Japani kwenyewe si nchi ya baridi siku zote. Wakati wa kiangazi joto la Tokyo hupita digrii 35, na magari haya haya hukaa katika msongamano wa barabara zake yakiwa na oili nyepesi ile ile. Aliyeiunda injini alikwisha kulihesabu joto.

Hata hivyo, kitabu cha gari chenyewe mara nyingi huacha nafasi kidogo. Vitabu vingi vya Toyota, kwa mfano, husema kwamba 0W-20 ikikosekana mtu aweza kutia 5W-30 na kurudia 0W-20 safari ijayo. Tena husema kwamba gari lichukualo mizigo mizito au liendeshwalo kwa kasi sana laweza kufaidika na oili nzito zaidi kidogo. Basi kupanda ngazi moja kwa ruhusa ya kitabu si kosa. Kosa ni kuruka ngazi zote hadi 20W-50 kwa kuwa jirani amefanya hivyo.

Na ikiwa gari lako ni la umri mkubwa, linatoa moshi wa bluu na kumeza oili, oili nzito yaweza kuupunguza moshi huo kwa muda, lakini haiponyi ugonjwa. Ringi za pistoni au mipira ya vali imechakaa, nayo yataka kutengenezwa. Ukimwona mtu akikuuzia gari kuukuu lililojazwa oili nzito kama asali, muulize anaficha nini.

Pa kulipata jibu

Shida yetu kubwa ni hii: magari mengi tununuayo hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria ya Kenya huyaruhusu kuingia mradi umri wake usipite miaka 8. Kitabu kikiwamo ndani ya gari, kimeandikwa Kijapani. Basi mtu afanye nini?

Siku ile kituoni nilimwambia jirani yangu afungue boneti. Tukakipangusa kifuniko cha mahali pa kutilia oili, kilichokuwa kimefunikwa na vumbi la njia ya maziwa. Juu yake palikuwa pameandikwa, waziwazi, 5W-30. Alicheka, akasema, "Kumbe jibu nimetembea nalo miaka miwili!" Si magari yote yaliyoandikwa hivyo, lakini mengi yameandikwa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Usipoona kitu, tafuta namba ya namna ya injini. Hupatikana kwenye kibati kidogo kilichobandikwa chini ya boneti au penye nguzo ya mlango. Vitz na Passo nyingi za lita moja, kwa mfano, zina injini ya 1KR-FE. Ukiwa na namba hiyo pamoja na mwaka wa gari, waulize wakala wa kampuni iliyoliunda, au makampuni makubwa ya oili, ambayo yana orodha za magari na oili zake. Kuuliza si ujinga, na swali hilo halilipiwi.

Herufi za ubora

Baada ya uzito, tazama ubora. Nyuma ya mkebe utaona herufi API, ndizo za Taasisi ya Petroli ya Marekani, zikifuatwa na herufi mbili. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili yasonga mbele kadiri oili inavyoboreshwa. SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Oili ya SP yaweza kutiwa katika injini iliyotaka SN au SL, lakini oili ya herufi za nyuma haifai injini mpya. Bado zipo oili zilizoandikwa SA au SB, nazo ni za injini za enzi za babu zetu. Bei yake yavutia, lakini zisikuponze.

Herufi ya kwanza ikiwa C, oili hiyo ilikusudiwa injini za dizeli. Mikebe mingine huandikwa zote mbili, S na C. Wewe tazama kama S unayoitaka imo. Nanyi wenye pikipiki, angalieni alama ya JASO MA. Klachi ya pikipiki nyingi hukaa ndani ya oili ya injini, na oili nyingine za magari zina dawa za kupunguza msuguano ambazo huifanya klachi iteleze. Basi ile oili iliyobaki kwenye gari usiitie katika pikipiki ya kijana wako.

Ama oili ya sintetiki, hiyo huvumilia joto na huchakaa polepole kuliko ile ya kawaida, na nyingi za 0W-20 ni za namna hiyo. Kitabu kikiitaka, inunue. Kisipoitaka, oili ya kawaida yenye namba na herufi zinazotakiwa, ikibadilishwa kwa wakati, yatosha. Ya bei kubwa isiyo na namba yako ni fedha iliyopotea.

Hadhari ya mikebe ya uongo

Nunua kwenye duka au kituo cha petroli unachokijua, utakachoweza kukirudia kesho na risiti mkononi. Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa na pete yake haijakatika. Tazama alama ya Shirika la Viwango la Kenya, na namba ya tarehe iliyopigwa juu ya mkebe. Bei ikiwa nusu ya bei ya wengine, jiulize nusu nyingine italipwa na nani. Mimi najua.

Na baada ya kuutumia mkebe, utoboe kwa msumari kabla ya kuutupa. Wadanganyifu huinunua mikebe mitupu ya majina makubwa ili waijaze uchafu. Oili iliyotumika nayo isimwagwe shambani wala mtaroni, kwa maana huharibu udongo na maji ya visima. Itie katika mtungi, umpelekee mwenye gereji anayewapa wakusanyaji wenye leseni. Usiipake mwilini wala juu ya mifugo, kwa kuwa ina sumu zinazodhuru ngozi na zaweza kuleta saratani.

Kupima na kubadilisha

Pima oili angalau mara moja kwa juma, gari likiwa mahali pa sawa na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipita alama ya juu pia ni vibaya, kwa kuwa shafti huipiga ikawa povu, na povu haliwezi kubeba chuma. Injini ya lita moja huchukua yapata lita tatu na kidogo, basi mkebe wa lita 4 hukubakishia ya kuongezea.

Wengi wetu hubadilisha oili kila kilomita 5,000, nami naona hiyo ni desturi njema. Vitabu huweza kutaja kilomita nyingi zaidi, lakini vitabu hivyo hivyo husema muda upunguzwe kwa gari linalopita katika vumbi, linalobeba mizigo, au linalokwenda safari fupi fupi. Hali hizo tatu ndizo maisha ya gari la mkulima. Kama kilomita hazitimii upesi, badilisha kila miezi sita. Filta nayo ibadilishwe pamoja na oili, maana oili mpya katika filta iliyojaa ni kama maji safi katika mtungi mchafu. Andika tarehe na kilomita katika daftari, usitegemee kumbukumbu.

Mwisho, ile taa nyekundu. Taa hiyo haisemi kwamba oili imepungua. Yasema kwamba oili haina nguvu ya kufika inakotakiwa. Kijiti chaweza kuonyesha oili imejaa na taa ikawa inasema kweli, kama ilivyokuwa siku yangu. Ikiwaka ukiwa njiani, simama kando, zima injini hapo hapo, na usiiwashe tena mpaka fundi aitazame, hata kama unaliona paa la nyumba yako. Gharama ya kuvutwa kilomita 6 ningalilipa kwa mshahara wa siku chache.

Basi, ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, fungua boneti, kipanguse kile kifuniko, usome kilichoandikwa juu yake. Kisha utazame mkebe uliotumia mara ya mwisho. Namba zikipatana, nenda kazini kwa amani. Zisipopatana, sasa unajua la kumwambia fundi.